Jina Kapuni: Chipu ya "Mastaa" Iliyotaka Kuniharibia Jina

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Ubuyu wa leo ni wa chipu ya miguu minane, mpiga gitaa mmoja jina kapuni, na kaka mkubwa mmoja wa jukwaani ambaye nikitaja hata herufi ya kwanza mtamjua.

Huyo mpiga gitaa nilimtengenezea pedali ya distoshoni, ile unaikanyaga gitaa linaanza kunguruma. Mchoro niliofuata ni wa RAT, pedali iliyozaliwa Marekani, mji wa Kalamazoo, mwishoni mwa miaka ya 1970. RAT za mwanzo zilitumia chipu ya LM308. Siku hizi haizalishwi tena, kwa hiyo nikaweka OP07, ambayo hata RAT wenyewe waliihamia baadaye. Mwana akapiga nayo miezi miwili, freshi kabisa.

Kisha kaka mkubwa akachungulia ndani. "Dogo, fundi wako kakuuzia kanyaboya. Weka chipu wanayotumia mastaa."

Kesho yake nusu ya wanamuziki tunaofahamiana walishajua mimi ni tapeli. Mwana alikuwa na shoo ya harusi Jumamosi, na oda mbili za pedali nilizoahidiwa zikapoa ghafla. Nisiwafiche, iliniuma.

Jumanne akaja na pedali imekufa. Alisikia Tube Screamer inatumia 4558, akainunua, akaichomeka mwenyewe. Kimya. Hapa wengi wanakwama, maana 4558 nayo ina miguu minane na inaingia kwenye soketi bila ubishi. Ila ndani yake zimo opampu mbili, wakati OP07 ni moja. Bodi yangu inapeleka umeme mguu wa 7 na kuchukua sauti mguu wa 6. Kwenye 4558 umeme unaingilia mguu wa 8, mguu wa 7 ni wa kutolea sauti ya opampu ya pili, na wa 6 ni wa kuingizia. Yaani umemimina petroli kwenye rejeta. Bahati yake haikuungua.

Nikarudisha OP07, ikaongea. Hakuridhika. Jumatano akaja na LM308 aliyouziwa elfu sitini na mtu aliyeelekezwa na kaka mkubwa. Maandishi meupe, yanang'aa kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Kwa chipu iliyoacha kuzalishwa, mpaka hapo moyo ulishaanza kunidunda.

Tukaichomeka. Distoshoni ikiwa chini, poa. Ukizungusha kupita nusu, filimbi kama ya trafiki!

Kwanza nikapima, maana chipu inalaumiwa sana kwa makosa ya waya. Mguu wa 4 volti 0, wa 7 karibu 9, wa 6 volti 4.5, yaani nusu ya betri. Mguu wa 3 ulisoma chini kidogo, na hilo lisikutishe: risista inayoleta umeme pale ni ya ohmu milioni 1, testa yenyewe inauvuta. Mguu wa 6 ndio wa kuamini. Nikatenganisha waya wa kuingiza na wa kutoa. Pedali hii ikifunguliwa yote inakuza sauti zaidi ya mara 2,000, waya mbili zikinong'onezana tu unapata filimbi. Nikaongeza kapasita ya nanofaradi 100 karibu na mguu wa umeme. Filimbi ikapungua, haikuisha. Nikarudisha OP07 kwenye soketi ileile: filimbi hakuna, ngurumo safi.

Hapo nikajua ni kasi. LM308 ni mvivu, sauti yake inapanda kama volti 0.3 tu kwa mikrosekunde, na OP07 iko hapohapo. TL071 inakimbia kama 13. Uvivu huo ndio sehemu ya utamu wa RAT: chipu inashindwa kufuata makali, sauti inatoka nzito. Ya kasi inafuata kila kitu, mpaka kelele inayojirudia yenyewe.

Nikataka uhakika. LM308 ya kweli inahitaji kapasita ndogo ya pikofaradi 30 kati ya mguu wa 1 na wa 8 ili itulie. Nikaing'oa upande mmoja. Hakuna kilichobadilika hata chembe. Ya kweli ingechachamaa. Kisha pamba na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Maandishi yote yakabaki kwenye pamba, chini yake uso umesuguliwa.

Mwana akaiangalia ile pamba muda mrefu. Elfu sitini bana.

Kiukweli kaka mkubwa hakukosea yote, chipu inabadilisha sauti. Ila ngurumo yenyewe pale inapikwa zaidi na dayodi mbili za silikoni zinazokaa baada ya chipu, na hizo wala hazina bei. Hakuna staa anayezisifia.

Harusi ikapigwa na OP07. Oda moja imerudi, nyingine bado inazungushwa. Na juzi bodaboda kaniletea pedali ya kaka mkubwa mwenyewe, na ujumbe mfupi tu: "Fundi, hii inapiga filimbi."