Adhuhuri ya Pluto



Wapendwa wasomaji, likizo hii sisi mafrateri tunaotoka Karatu tumeulizwa mara nyingi habari za mwenzetu aliyeacha masomo. Alipoondoka hakusema mengi: "Nasali, lakini mwanga umekuwa mdogo mno." Tulimsindikiza stendi, akapanda basi, nasi tukabaki na neno hilo. Tunaomba tulitafakari pamoja nanyi, na kwa kuwa tunasoma falsafa, mtuvumilie tukianzia mbali kidogo, huko Pluto.

Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Mmarekani Clyde Tombaugh. Mwaka 2006 wanaastronomia waliitoa katika orodha ya sayari, wakaiita sayari kibete. Ni ndogo kweli: kipenyo chake ni kilometa 2,377, hivyo hata Mwezi wetu unaizidi. Uvutano wake ni hafifu kiasi kwamba gunia la mahindi la kilo 100 ungelinyanyua kule kama mzigo wa kilo 6. Baridi yake hufika nyuzi 230 hivi chini ya sifuri, na nitrojeni, ambayo hapa kwetu ndiyo sehemu kubwa ya hewa, kule imeganda kuwa barafu. Chombo cha New Horizons kilipopita karibu nayo tarehe 14 Julai 2015, kilipiga picha za uwanda wa barafu hiyo wenye upana wa karibu kilometa 1,000. Kreta yetu ya Ngorongoro, ambayo ukisimama ukingoni nyati walio chini wanaonekana kama sisimizi, ina upana wa kilometa 20 hivi.

Na jua je? Kwa wastani Pluto iko mbali nalo karibu mara 40 kuliko sisi. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo Pluto hupata takriban sehemu moja tu kati ya 1,500 ya mwanga tunaoupata sisi. Anayesikia hesabu hiyo hudhani kule ni usiku daima. Sivyo. Adhuhuri ya Pluto inaangaza zaidi ya mara 100 kuliko mwezi mpevu wa kwetu. Ukitaka kujua ilivyo, toka nje Karatu jioni isiyo na mawingu, dakika chache baada ya jua kuzama upande wa Ngorongoro. Ng'ombe wanaingia zizini, taa bado hazijawashwa, na sura ya jirani unaitambua vizuri. Hata kitabu cha sala unaweza kukisoma.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kuyajua kidogo mambo ya juu kabisa ni jambo la kutamanika kuliko kuyajua kwa hakika mambo madogo. Darasani tulilinakili fundisho hilo kwa ajili ya mtihani. Siku ile ya stendi ndipo tulipolihitaji.

Tena, mwanga sio pekee unaoiunganisha Pluto na jua. Uvutano wa jua unaishika, nayo huzunguka mara moja kwa miaka 248. Tangu igunduliwe haijamaliza hata mzunguko mmoja. Njia yake imerefuka kama yai. Mwaka 1989 ilikuwa karibu kabisa na jua, na tangu hapo inazidi kwenda mbali, wala haijatoka njiani. Kwenda mbali nako ni sehemu ya mzunguko wake.

Mwaka 2019 mifereji fulani ya Pluto ilipewa rasmi jina la Mwindo, shujaa wa masimulizi ya Wanyanga, jirani zetu wa Kongo ya mashariki. Mwindo alishuka kuzimu kumtafuta baba yake, baba yuleyule aliyetaka kumwua, kisha akarudi nyumbani.

Mfano wetu una mpaka. Tulipousimulia kwenye jumuiya, mama mmoja alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Wanangu, ni vizuri. Lakini jua halimfuati mtu. Mungu wetu aliacha kondoo tisini na tisa." Hatukuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo Jumapili ijayo baada ya Misa tunakwenda kumtembelea mwenzetu. Hatuendi kumrudisha seminarini. Huenda Mungu anamtaka kwenye ndoa, au shambani, au darasani akiwafundisha watoto. Tunakwenda kunywa naye chai na kukaa naye mpaka jioni. Akituuliza kama mwanga mdogo kiasi hicho unatosha, tutatoka naye nje jua likishazama, aangalie mwenyewe.

Msalieni kwa jina mnalomwitia nyumbani, nasi mtuombee.