Mjomba, Kioo na Breki Inayojishika

Leo naweka programu kando nizungumzie magari, kwa sababu kwetu ukishasomea kompyuta basi kila kitu chenye waya ni chako. Mwaka 2023 mjomba alipotaka kununua gari lililotumika kutoka Japani, aliyepigiwa simu ni mimi.

Tulibaki na mawili, Toyota Axio na Subaru Forester, yote ya 2016 (sheria yetu haipokei gari lililozidi miaka minane). Yote yalikuwa na mfumo wa kumsaidia dereva, ila yanaona kwa macho tofauti. Axio ile ina kamera moja na leza. Hulia ukitoka kwenye mstari, na ikiona gari mbele hushika breki yenyewe, ukiwa kwenye mwendo wa takriban kilomita 10 hadi 80 kwa saa. Anayetembea kwa miguu haimshughulikii. Forester ilikuwa na EyeSight: kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, zimeachana sentimita 35, zinapima umbali kwa kulinganisha picha zao kama macho yetu yanavyofanya. Hiyo hutambua hata mtu, tena hulifuata gari la mbele ikipunguza na kuongeza mwendo. Harrier za kuanzia 2017 zina rada, ambayo ingefaa zaidi kwenye ukungu wa Limuru, lakini bei ilitufukuza.

Nikamwambia, "Mjomba, chukua Forester. Ukisahau breki, itakushikia."

Sentensi hiyo bado inaniuma.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kengele ya mstari haikutufaa sana, maana barabara nyingi mistari ilishafutika, lakini kwenye foleni mjomba alikuwa akijisifu kwa abiria wake. Kisha jiwe likapasua kioo cha mbele. Akabadilishiwa kioo cha bei nafuu kando ya barabara, na kuanzia siku hiyo taa ya manjano ya EyeSight ikawaka kwenye dashibodi. Maandishi yote ni ya Kijapani. Mjomba akaona gari linaenda, basi.

Mwezi mmoja baadaye tukaenda Nakuru, mimi kiti cha mbele. Baada ya Naivasha trela iliyokuwa mbele yetu ikapunguza mwendo ghafla. Mjomba hakuondoa mguu kwenye mafuta. Nikapiga kelele, "Mjomba, breki!" Akaikanyaga, tukasimama hatua chache kutoka kwenye vyuma vya nyuma vya ile trela.

Akanigeukia. "Si ulisema hii gari inashika breki yenyewe?"

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu. Kwa kamera zilizoachana sentimita 35, kitu kilicho umbali wa mita 50 kinaleta tofauti ya nyuzi 0.4 tu kati ya picha mbili. Kioo kikipinda mwanga wa kamera moja kwa nyuzi 0.1 tu, mita 50 zitasomeka 67, au 40. Ikisoma 67 inachelewa kushika breki. Ikisoma 40 inashika mapema, na nyuma yako kuna matatu. Ndiyo maana kioo kikibadilishwa lazima kamera zipangwe upya kwa vifaa maalum, na ndiyo maana mfumo wenye shaka hujizima. Programu ilifanya kazi yake. Ilisema, kwa taa ya manjano, kwamba haioni vizuri. Mimi ndiye sikumwambia mjomba taa ile maana yake nini, na niliiona tangu tulipotoka Nairobi.

Bado inawaka. Mafundi wawili tuliowaendea walitaka kuchomoa waya wake ili "isisumbue". Msomaji anayemjua fundi mwenye vifaa vya kupanga kamera hizi, hapa Nairobi au hata Mombasa, tafadhali aniandikie.