Malindi ya Milimani: Safari na Mwenzetu Aliyefiwa

Ukitaja Malindi, wengi hufikiri ufuko wa Kenya. Malindi tuliyokwenda sisi haina bahari. Iko juu katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ambako alfajiri mama hujifunga khanga mbili na kuvaa sweta juu yake.

Tulikuwa akina mama watatu wa jumuiya moja huko Tanga, tukimsindikiza mwenzetu aliyefiwa na mumewe miezi minane kabla. Mume alikuwa na karakana, na yeye ndiye aliyeandika hesabu zake. Mume alipofariki, karakana ilifungwa, na kazi ya mke ikaishia hapo. Sasa mama yake mdogo, mkulima wa mboga Malindi, alikuwa amemwita.

Kutoka Mombo barabara inapanda kama kilomita 33, kupitia Soni, hadi Lushoto mjini. Hapo tulibadili gari tukaingia msitu wa Magamba, wenye ukungu na baridi. Baada ya msitu tuliona miteremko iliyolimwa ngazi kwa ngazi: kabichi, karoti, viazi mviringo. Matenga yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakingoja lori la Dar es Salaam.

Tunakiri kosa letu. Njia nzima tulimpa dada huyu mawazo ya biashara: kuku, vitenge, cherehani. Marehemu hatukumtaja hata mara moja. Tulidhani tunamwepusha na machozi. Yeye alinyamaza tu.

Jioni, jikoni, mama mdogo alikuwa akimenya viazi. Akamwuliza, "Mwanangu, mumeo alipenda kula nini?" Dada yetu akalia sana. Kisha akaanza kusimulia, na kabla ya usiku kwisha alikuwa amecheka mara mbili. Tulijitazama kwa aibu. Tulikuwa tumembebea mawazo ya kazi, kumbe alihitaji kwanza mtu wa kumsikiliza.

Asubuhi yake ndipo kazi ilipozungumzwa. Mama mdogo hakumpa fedha. Alimpa matuta machache ya kabichi kwa msimu mmoja, ajifunze kupanda, kupalilia na kupatana bei na wachuuzi. Akampeleka pia kwenye kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana. Waliposikia anajua hesabu, walimwomba awashikie daftari. Basi ujuzi wa karakana haukupotea.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Ndugu wa mume walitaka shamba ambalo yeye na marehemu walilima kijijini Muheza, naye kwa uchungu alikuwa tayari kuwaachia. Mama mdogo alimkataza asiamue chochote katika majonzi. Wasomaji, yashikeni haya. Tafuta cheti cha kifo mapema. Mirathi ifunguliwe mahakamani, na msimamizi ateuliwe huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Na asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa mtaji, mwone afisa maendeleo ya jamii: halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vikundi vya wanawake.

Ruthu alikuwa bado mjane mgeni alipokwenda kuokota masazo shambani. Lakini hakuwa peke yake. Naomi, naye mjane, alikuwapo wa kumwongoza.

Tuliondoka siku ya tatu bila mwenzetu. Alitusindikiza hadi barabarani, daftari kwapani, macho bado mekundu. Mama mwenzetu, ukienda kumwona aliyefiwa, usitangulize ushauri. Mtaje marehemu kwa jina lake, kaa usikilize. Kesho yake mwulize, "Tuanze na lipi?"