Forester yenye tabo: yale ambayo kompyuta ya gari haikuambii

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze kuhusu gari. Kuna walioniuliza kama Subaru Forester yenye tabo ni gari la kudumu ama ni la kumfilisi mtu. Yangu ni ya mwaka wa 2006, injini ya EJ20 ya lita 2, gia za mkono, na magurudumu yote manne huvuta. Niliinunua kwa mtu hapa nchini, akiba yangu karibu yote ikaenda, na haikuja na karatasi hata moja ya matengenezo. Ni kama kurithi programu ambayo aliyeiandika hakuacha maelezo!

Fundi alichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya injini, akaniambia, "Hakuna shida bosi, gari iko safi." Hapa ndipo sisi watu wa kompyuta hudanganyika upesi. Kompyuta inajua tu kile sensa zinachopima. Itakuambia kuhusu oksijeni kwenye moshi, au silinda isiyochoma vizuri. Lakini hakuna sensa ya kupima umri wa mkanda wa taimingi. Mkanda huo ni wa mpira, na umepangiwa kilomita 100,000. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni na valvu zinagongana, na hapo pengine utatafuta injini nyingine. Basi nikauhesabu kuwa umekwisha. Tulibadilisha mkanda, rola zake na pampu ya maji pamoja, maana kuvifikia ni kazi ileile. Ule wa zamani ulikuwa na nyufa.

Oili ni vivyo hivyo. Taa yake huwaka presha ikiwa imeshashuka mno, na mhimili wa tabo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukitegemea utando mwembamba wa oili. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, na kijiti cha kupimia nakichomoa kila nikijaza petroli. Nikipanda kutoka Mai Mahiu kwa kasi, kilomita za mwisho naenda polepole ili tabo ipoe.

Yote haya naandika kwenye faili moja: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa.

Kinachonisumbua sasa ni tairi. Jiwe limechana moja ubavuni, haizibiki, na zile tatu zimelika nusu. Muuzaji anataka nichukue moja mpya, eti saizi ni ileile. Saizi iliyoandikwa ndiyo ileile, mzingo sio. Difu ya kati itakuwa ikisawazisha kasi ya mbele na nyuma safari nzima, hata barabara ikiwa imenyooka, na majimaji mazito yaliyo ndani yake yatapata moto hadi iharibike. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi. Nimezunguka na futi ya fundi cherehani nikipima tairi za mtumba, bado sijapata inayolingana. Kwa sasa napanda matatu. Nikikosa kufikia Jumamosi, nanunua zote nne.