Chakula cha Walio Nyuma ya Kioo

Mwanetu alipokwenda Nairobi masomoni alituachia amana: tangi la maji ya bahari, ndani yake kangaja mmoja, samaki wengine wadogo na matumbawe machache. Chakula chao twakiandaa wenyewe jikoni.

Twanunua kamba, ngisi na chaza wabichi, twawamenya na kuwaosha kwa maji matamu. Kisha twawasaga pamoja na mwani, kwa kuwa kangaja hula zaidi mimea ya baharini. Hatutii chumvi, mafuta wala viungo. Nyama ya mbuzi au ng'ombe haifai. Mafuta yake hayasagiki vyema tumboni mwa samaki. Rojo hilo twalitandaza jembamba katika mfuko, twaligandisha, na kila siku twamega kipande.

Wajukuu hutaka kuongeza. Mkono wa mtoto ni mkarimu, wala hatupendi kuuzuia. Lakini baharini mabaki huchukuliwa na mkondo. Ndani ya kioo hubaki, yakaoza, yakatoa amonia, nayo huua. Kwa hiyo twatoa kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili tatu. Matumbawe twayapa usiku, yanapokunjua mikono yake, tena punje chache, kwani sehemu kubwa ya chakula chao hutengenezwa kwa nuru na mwani mdogo mno uishio mwilini mwao.

Ndugu wasomaji, aliyefungiwa hawezi kujitafutia, wala hawezi kuukimbia ukarimu uliozidi. Tuwafunze watoto kupima kabla ya kutoa.