Mkono wa Fundi na Garimoshi Dogo

Utamaduni wa taifa huonekana katika lugha, ngoma na nyimbo zake. Huonekana pia katika jambo tunalolipita mara nyingi bila kulitazama, nalo ni namna watu wanavyokitendea chombo kilichoharibika. Wako wanaokitupa, na wako wanaokifungua. Katika insha hii twapenda kuwasemea hao wa pili.

Mfano wetu ni mdogo, nao waenea kiganjani. Ni kichwa cha garimoshi cha kuchezea, kilichoundwa Uingereza kwa kipimo cha 1 kwa 76, ambacho tulikinunua kwa njia ya intaneti kikiwa kimekwisha tumika. Kununua hivyo ni kununua mbuzi kwenye gunia, maana picha haisemi kama chombo ni kizima. Kilipotufikia kwa posta tulikiweka juu ya reli zake, tukafungulia umeme wa volti 12. Kilinguruma kidogo, kikatoa harufu ya kuungua, wala hakikujongea.

Tulizima umeme, tukamwendea mzee mmoja wa mtaani petu, fundi wa redio, ambaye siku hizi wateja wake ni wachache. Alikigeuzageuza, akasema, "Mwalimu, usikiongezee umeme. Kilichokwama hakisukumwi, hutafutwa kilipokwamia."

Akafungua parafujo moja na kuinua bodi. Ndani mlikuwa na sumaku, mota na gia. Kwa miaka mingi ya kukaa bure, grisi ilikuwa imekauka ikawa kama gundi. Akaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Katika mhimili wa mota mna shaba iliyogawanyika vipande vitatu, ipokeayo umeme kutoka kwa vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Vumbi la kaboni lilikuwa limeijaza mianya ya shaba hiyo, na umeme ukavuka pasipostahili. Mzee alichonga kijiti cha mti, akaichokoa mianya hiyo polepole, kwa kuwa mti haukwaruzi shaba. Kisha aliyasugua magurudumu, ambayo ndiyo njia ya umeme kutoka relini, akatia tone moja tu la mafuta ya cherehani katika kila ncha ya mhimili. Mafuta yakizidi hurukia shaba na kuzaa uchafu upya.

Umeme ulipofunguliwa, kichwa kilikwenda. Alipobadilisha nyaya mbili za umeme, kilirudi nyuma. Wanafunzi wetu wawili waliokuwapo walitaka kujua sababu. Mzee hakuwajibu, aliwapa bisibisi, akasema, "Kifungueni tena, wanangu."

Jibu hilo lina busara kubwa. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza mwaka 1901 kwa vifaa vya kuchezea vilivyokuja kuitwa Meccano, alitoa magarimoshi yake ya kwanza mwaka 1920 yakiwa yameungwa kwa nati na bolti, ili mtoto aweze kuyafungua na kuyaunga upya. Wahenga wetu nao walikwisha sema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza kwamba kilichoundwa chaweza kufunguliwa, na akifunguaye kwa makini humjua aliyekiunda.

Reli yetu ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Vyombo hivi vyote vyahitaji mikono inayovielewa. Lakini mzee wetu hana mwanagenzi hata mmoja. Lugha hufa ikikosa wasemaji. Ufundi nao hufa ukikosa mikono ya kuurithi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu watenge meza moja shuleni kwa ajili ya vitu vibovu: redio, saa, feni, cherehani. Kisha wamwalike fundi wa mtaani aketi hapo pamoja na vijana, angali na nguvu za kufundisha.