Songea: Ngoma Isiyojirudia

Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Wiki moja kabla ya safari yetu alikesha akitazama 77 Million Paintings, kazi ya mwaka 2006 ya msanii Mwingereza Brian Eno. Kompyuta inachanganya picha na sauti yenyewe kwa kanuni chache ilizopewa. Rangi zinayeyukiana taratibu, na mchanganyiko uliouona sasa hivi huenda usiuone tena maishani.

“Kitu kama hiki Bongo hukioni,” akasema, macho kwenye skrini. Nilikereka. Miezi ile skrini ilikuwa inamfaidi kuliko mimi.

Tukapanda basi Mbezi alfajiri. Safari ni zaidi ya kilomita 900, si mchezo: Mikumi, Iringa, Makambako, kisha Njombe na baridi yake. Songea tukaingia usiku, hoi, hata kugombana hatuna nguvu.

Kesho yake ilikuwa Februari 27. Siku kama hiyo mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Vita vya Maji Maji hapa hapa mjini, na kila mwaka watu hukusanyika Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka. Baada ya heshima kutolewa likaingia lizombe, ngoma ya Wangoni.

Jamani! Ngoma kubwa inasema, ndogo zinajibu. Mchezaji mmoja akibadili mguu, mpigaji anamfuata. Mpigaji akikaza, kundi zima linageuka. Kanga za akina mama zilipozunguka, maua na maandishi yalipotea, ikabaki michirizi ya rangi tu juu ya udongo mwekundu uliolowa mvua. Nilimuuliza mama mmoja pembeni kama nikirudi kesho nitaona haya haya. Akacheka: “Kesho ni ngoma ya kesho, mwanangu.”

Mzee mzima alikuwa anarekodi kwa simu. Ghafla chaji ikaisha. Nikasubiri anune. Akaitia mfukoni, akanishika mkono, tukatazama mpaka mwisho.

Jioni, sahani ya mbasa wa Ziwa Nyasa ikiwa mezani, akaanza mwenyewe: “Ni kama ile ya Eno. Kanuni chache, kila mara kinazaliwa kipya. Ila pale mashine inajiamulia peke yake. Hawa wanasikilizana.”

“Na sisi je?” nikamuuliza.

Kimya kirefu. Kisha tukaongea, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mpaka wahudumu wakaanza kupanga viti juu ya meza.

Video yake ina dakika mbili tu, na inatikisika. Yaliyobaki tunayo wawili.

Mkitaka kwenda: Februari ni msimu wa mvua, bebeni sweta na mwavuli. Mkiwa na siku ya ziada, pandeni milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Na simu, wapenzi, ziacheni mfukoni.